Kisima cha Mkamandume na nyimbo za wake wawili

Pujini, kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, kuna magofu ya ngome ya karne ya 15 ambayo kila Mpemba kayasikia hata kama hajayakanyaga. Ni ya Mkamandume, mtawala ambaye masimulizi yetu hayakumpa hata chembe ya huruma. Inasemwa watu wake aliwabebesha mawe vichwani huku wakijiburura kwa makalio mpaka palipokuwa pakijengwa maboma yake. Inasemwa pia alikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja, na ili wasikutane kisimani akakigawa kisima kwa ukuta: mmoja akiteka kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwenzake akishuka ngazi mpaka kwenye maji. Ukienda leo kisima kipo, na wenyeji watakuonyesha upande wa ngazi na upande wa kamba.

Kisa hiki nimelelewa nacho. Kila kinaposimuliwa kinakwenda namna ile ile: watu wanacheka kidogo, ukuta unajengwa, kisa kimekwisha. Hakuna msimulizi aliyewahi kuniambia wale wanawake walikuwa wakisema nini huko kisimani. Kwa hiyo niliposikia kwamba vijana wa Chake na vijiji vya jirani wametunga mchezo mzima wa nyimbo juu ya kisima cha Pujini, maneno yao wenyewe na sauti zao wenyewe, nilipanda boti kutoka Unguja nikaenda. Na nimerudi nikiamini kwamba nimeona kitu ambacho Zanzibar ina kila sababu ya kukishika kwa mikono miwili.

Onyesho lilikuwa baada ya sala ya isha, kwenye ukumbi wa skuli. Viti vya mbele walikaa sheha na wazee, nyuma mabenchi, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwengine. Msimu wa karafuu ulikuwa umemalizika. Barabarani mikeka ya kuanikia ilikuwa imeshakunjwa, watu wamepumzika na wana fedha mikononi. Hili la fedha liwekeni akilini, maana lilikuja kuugeuza mchezo.

Jukwaa halikuwa na pazia. Katikati walining'iniza khanga zilizoungwa kwa uzi, kutoka ukingo wa mbele mpaka ukuta wa nyuma, hivyo zilipokuja kuteremshwa sisi tuliokaa tuliziona pande zote mbili kwa pamoja lakini wachezaji hawakuweza kuonana. Huo ndio ukuta wa Mkamandume. Upande wa kushoto palikuwa na ndoo na kamba ya makumbi. Upande wa kulia walipanga madawati yakishuka mpaka chini ya jukwaa, na hizo zikawa ngazi. Pembeni walikaa wapigaji: kinanda, fidla, dumbak, rika, na nyuma yao ngoma za msewe na mzee mmoja mwenye zumari.

Kabla sijasema kilichotokea, niseme kwa nini nilikuwa na hamu kiasi kile. Sisi ni watu wa nyimbo, hilo halina ubishi. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuleta muziki wa Misri katika kasri lake. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, ilianzishwa 1905 na mpaka leo inapiga. Culture Musical Club, kikundi kingine cha taarab, ilianza 1958. Pemba tuna msewe, tuna kibati, tuna vikundi vya taarab ambavyo harusi haikamiliki bila ya wao. Lakini wimbo wa taarab una desturi yake. Unasimulia, unalalamika, unasuta, na mara nyingi unaficha nani anamwambia nani. Anayejua kajua. Siti binti Saad alithubutu kuimba hadharani kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa na muuaji akakimbilia bara, na huo ulikuwa ujasiri, lakini bado alisimama yeye, Siti, akisimulia mambo ya watu wengine. Mwimbaji wa taarab haingii ndani ya mtu mwengine. Anabaki mwimbaji.

Na michezo ya kuigiza tunayo pia, ya skuli, ya sherehe za taifa, ya kuelimisha watu juu ya malaria. Humo nyimbo huwekwa mwanzoni kuwakusanya watu na mwishoni kuwaaga. Hata vile vikundi vikubwa vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980 na 1990, vilivyokuwa na ngoma, sarakasi, maigizo na taarab katika usiku mmoja, kila kitu kilikuwa na zamu yake: ngoma ikishatoka ndipo sarakasi inaingia, na taarab ndiyo ya kufungia. Mtu kuanza kuzungumza na mwenzake, uchungu ukamzidi, maneno yakashindwa, akaimba, na akimaliza kuimba mambo hayako tena kama yalivyokuwa, hilo sikuwahi kuliona likifanywa na watu wa kwetu kwa kisa cha kwetu.

Walianza na mawe.

Watoto waliingia wameshakaa chini, mmoja nyuma ya mwengine, kila mmoja na jiwe kichwani. Yalikuwa maboksi yaliyopakwa chokaa, lakini waliyabeba shingo zikiwa zimekakamaa. Wakajisogeza kwa makalio kulivuka jukwaa kwa kufuata ngoma, na ukumbi mzima ukacheka, kwa sababu hapo ndipo tunapocheka siku zote. Wimbo wao ulikuwa mfupi kupita kiasi: *Jiwe hili si langu.* Kila mtoto alikuwa na neno lake. Wa kwanza "jiwe", wa pili "hili", wa tatu "si", wa nne "langu", na waliofuata wanaanza upya. Wakavuka mara moja. Wakarudi. Wakavuka tena. Ngoma ikawa inakwenda ile ile, haiongezi wala haipunguzi, na kicheko kikaanza kupungua chenyewe. Kisha yule wa "si" akaanguka. Mlinzi akaja akamsimamia. Wenzake hawakuthubutu kusimama, wakaendelea, na pale palipokuwa na sauti yake pakabaki pengo la pigo moja: *Jiwe hili … langu. Jiwe hili … langu.*

Mzee aliyekaa mbele yangu akasema "Lahaula" kwa sauti ya kusikika. Nami nilihisi nywele zikinisimama. Kisa nilichokijua maisha yangu yote kilikuwa kimegeuzwa kwa kulitoa neno moja tu.

Ugomvi wa wake wawili waliufanya kwa mtindo wa kibati. Asiyeijua kibati aelewe kwamba ni majibizano ya haraka sana juu ya ngoma, maneno yanatungwa papo kwa papo na kiitikio kinaingia katikati. Ulimi ukikwama umeshindwa. Mke mkubwa alichezwa na mama wa makamo ambaye asubuhi huuza maandazi, na mke mdogo na msichana aliyemaliza kidato cha nne hivi karibuni. Walirushiana maneno juu ya kuni, juu ya chumvi, juu ya zamu ya kupika, kwa Kipemba cha shamba ambacho wengine wetu tunaoishi mjini tumeanza kukionea haya. Hawakukipunguza hata kidogo, na watu walikuwa wakiitikia kabla hata kiitikio hakijafika. Sehemu hii ilizidi urefu, nasema kwa nia njema. Ugomvi wa chumvi ungeweza kuachwa.

Ukuta ukajengwa, yaani zile khanga zikateremshwa, na hapo ndipo penye mchezo wenyewe.

Mke mkubwa alisogea kisimani na ndoo yake. Ngoma zikanyamaza, ikabaki fidla peke yake. Akaishusha kamba taratibu, na huku anaishusha akaanza:

*Kisima nilikikuta, hakina ukuta kati,*
*Nikichota sina vita, kwa amani na wakati,*
*Leo kamba naivuta, nashikishwa masharti,*
*Mwenzangu ngazi kapata, mimi ndoo na laiti.*

Alipofika "mimi ndoo na laiti" alikuwa ameshaivuta ndoo mpaka juu, akaitazama ndani, akaimwaga. Haikuwa na maji. Wanawake wakapiga vigelegele, na mmoja akasimama.

Kabla ya mchezo kuanza mshereheshaji alituomba kwa heshima zote tusitunze, yaani tusiwapelekee wachezaji noti jukwaani. Akaeleza kwamba huu si taarab, ni mchezo, na mtu akipanda jukwaani ataukata. Watu walimkubalia. Lakini beti lile lilipotoka hakuna aliyekumbuka. Yule mama alikwenda mbele akicheza polepole, mkono juu, noti zinaonekana, kama anavyokwenda kwenye taarab yoyote pale mstari unapomgusa. Na nyuma yake wakaja wengine. Sote tunajua maana ya kutunza mstari kama ule. Anayekwenda mbele anasema: na mimi yamenifika.

Nilishika roho. Niliona mchezo umekufa. Lakini yule muuza maandazi hakutabasamu, hakuinamisha kichwa kushukuru, hakufanya lolote ambalo mwimbaji wa taarab angelifanya. Alizipokea noti moja moja bila ya kumtazama mtu usoni, akazitia katika ile ndoo iliyokuwa tupu, akaendelea kuimba. Aliurudia ule uchungu wote, beti kwa beti, na ndoo ikawa inajaa. Wale waliokuja kutunza wakawa ni wanawake wa Pujini waliokuja kisimani kumliwaza. Hakuna aliyepanga hivyo. Yeye aliliamua pale pale, kwenye pigo, na kwa uamuzi ule ukumbi wote ukaingia ndani ya mchezo.

Kisha upande wa pili wa ukuta, yule msichana akaanza kushuka madawati akiwa na mtungi.

*Ngazi mwaniona nayo, hamwoni giza la chini,*
*Nashuka na wangu moyo, watetema kifuani,*
*Si mimi niliye nayo, amri iko kwa nani?*

Hapo aliacha. Beti lilikuwa linadai mstari wa nne na hakuutoa. Alisimama kwenye dawati la chini kabisa, kichwa chake kikiwa kimeshapita chini ya ukingo wa jukwaa kwa sisi wa nyuma, na akanyoosha mkono kuelekea kwenye ukuta wa khanga. Kutoka upande wa wanaume sauti ya kijana ikajibu: "Mkamandume!" Na ukumbi ukalirudia. Sasa na yeye akatunzwa, na wengine kati ya waliomtunza walikuwa wale wale waliomtunza mwenzake. Hilo katika taarab halitokei. Ukishatunza mstari wa kumsuta mtu umechagua upande, huwezi tena kwenda kumtunza anayesutwa usiku huo huo. Hapa waliweza, kwa sababu walikuwa wanaziona pande zote mbili za ukuta na wakajua kwamba kila mmoja analia kwa haki.

Baada ya hapo waliimba pamoja, mmoja juu na mmoja chini, beti mbili tofauti kwenye sauti moja, hakuna anayemsikia mwenzake. Mara moja tu maneno yao yalikutana, kwenye neno "maji", na wote wawili wakasita kana kwamba wamesikia kitu. Kisha wakaendelea na shughuli zao.

Mkamandume mwenyewe hakuimba hata mstari mmoja. Alichezwa na dereva mmoja, mtu mrefu mkimya, na kila alipoingia ngoma zilinyamaza na likapulizwa zumari mara moja. Nilipenda sana uamuzi huo. Mwenye amri hana haja ya kuimba. Na alipoona ile ndoo imejaa noti, naye akaamua lake: akaja akatia mkono akazichukua. Ukumbi ulilipuka. Wanawake walisimama kumzomea kwa hasira ya kweli kabisa, bibi mmoja akamwita mwizi. Yule dereva alisimama na noti mkononi, hakutikisika, mpaka makelele yakaisha yenyewe, akatoka nazo. Baada ya onyesho zilitangazwa na kuwekwa katika mfuko wa kikundi, mbele ya sheha.

Nusu ya pili niseme kwa ufupi maana haikuifikia ya kwanza. Kinanda kilitumia mapigo ya mashine yaliyoifunika fidla. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, kikawa kinapitishwa mikono kwa mikono. Na mwisho, watoto wa mawe waliingia wakaziangusha khanga na wake wawili wakakumbatiana. Watu walipiga makofi mengi. Mimi ningeuacha ukuta usimame. Ukuta wa kweli haukuangushwa na watoto, na wale wanawake wawili hakuna anayesema walipatana. Tulikuwa tumeshawaelewa bila ya kukumbatiana.

Nilizungumza na mtunzi baadaye, maalim wa hesabu katika skuli ya sekondari. Nilimwuliza kwa nini alikataza kutunza. Akaniambia alichelea mchezaji akitiwa noti mkononi atakumbuka kwamba aliyemtia ni jirani yake, na Pujini itatoweka. Hoja yake naielewa. Ila nilichokiona ni kinyume chake. Mchezo wa aina hii ukifanywa na watu ambao asubuhi tunanunua maandazi yao, hauwezi kujifanya kwamba hatujuani, na hauna haja. Kutunza ndiyo njia yetu ya kusema tumesikia. Wengine duniani hukaa kimya gizani na kupiga makofi mwisho, sisi tunanyanyuka. Kazi iliyobaki ni ya mtunzi, kuliandika beti likijua kwamba watu watanyanyuka, na kumpa mchezaji mahali pa kuzitia zile noti. Maalim alikaa kimya kidogo kisha akasema mtungi wa yule msichana ulikuwa na mdomo mwembamba mno, noti zilikuwa zinaanguka.

Kinachonikosesha raha ni kwamba mchezo wote umo katika daftari moja la skuli, na sauti za nyimbo zimo katika simu ya mpiga kinanda. Siti binti Saad tunamsikia mpaka leo kwa sababu mwaka 1928 alisafiri Bombay akarikodiwa kwenye santuri. Wengi walioimba kabla yake hatuna hata pumzi yao. Michezo ya jukwaani hali yake ni mbaya zaidi, maana hata wimbo ukibaki midomoni, nani alisimama wapi na ndoo ikamwagwa kwenye neno gani, hayo hufa usiku ule ule. Maalim, nakuomba hapa mbele ya wasomaji: toa nakala ya daftari. Waweke wachezaji wote waimbe mara moja mbele ya kamera iliyosimama, hata ya simu. Nyimbo zipelekwe COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ziandikishwe kwa majina ya waliozitunga, ili kesho tusizisikie kwenye harusi za mjini bila ya mwenyewe kujulikana.

Wapo walioniambia usiku ule kwamba mchezo huu upelekwe Ngome Kongwe ya mjini Unguja, pale ambapo tamasha la muziki la Sauti za Busara limekuwa ikifanyika tangu 2004. Sina pingamizi, jukwaa la Ngome linaustahili. Lakini uanze kuzunguka hapa kwanza: Wete, Mkoani, Konde, Kengeja, na Pujini kwenyewe kabla ya kwengine kote. Watu wa Pujini ndio wenye haki ya kuukosoa.

Na ukosoaji umeshaanza. Nilikwenda na shangazi yangu, mzaliwa wa kule, na tulipokuwa tunatoka nilimtambulisha kwa Maalim.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mchezo mzuri. Lakini mmekosea. Mwenye ngazi alikuwa mke mkubwa. Bibi yangu ndivyo alivyosema, na yeye kazaliwa ukuta mmoja na ngome ile."

Maalim akatoa kalamu. Akamwuliza, kama mwenye ngazi ni mkubwa, basi kwa nini mdogo ndiye akapewa kamba? Shangazi akaanza kumweleza, wamesimama mlangoni, watu wanapita huku na huku wakitusukuma, na maelezo yale yalikuwa na mambo ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia: ugonjwa, mtoto, na mwanamke mmoja aliyekatazwa kuonekana na majirani. Maalim ameshamwalika mazoezini Alkhamis baada ya alasiri. Shangazi amekubali kwa sharti moja, kwamba yule muuza maandazi ndiye apewe ngazi, na lile beti la ndoo aandikiwe upya yule mdogo.